Wote Kulia!

Paukwa!

Pakawa.

Aa, pakawa gani hiyo, ya watu waliolala njaa? Nanyi wakubwa huko nyuma, wekeni simu chini. Paukwa!

Pakawaaa!

Haya. Sasa tuko pamoja.

Hapo zamani za kale, kabla kuku hajahamia kwa binadamu, palikuwa na shule ya vifaranga. Vifaranga wa kanga, wa kware, wa kuku, wote humo humo. Mwalimu wao alikuwa Mwalimu Kanga. Jamani, nadhifu huyo! Madoadoa yamepangika, utadhani kapigwa pasi. Na kazi yake aliipenda.

Upande wa kulia wa shule palikuwa na kichaka cha miiba. Juu angani alikuwapo Kipanga. Kipanga hakuwa na shule. Alikuwa na njaa.

Siku moja Mwalimu Kanga akasimama mbele ya darasa. "Watoto, mkiona kivuli cha Kipanga, wote kulia! Mmesikia?"

"Ndiyooo, mwalimu!"

"Kivuli kikipita?"

"Wote kulia!"

"Mmeelewa?"

"Ndiyooo, mwalimu!"

Kanga akajikung'uta manyoya kwa furaha. Somo limekwisha.

Kesho yake kivuli kikapita. Shwaaa! Vifaranga wakasimama pale pale, wakapanua midomo. "Piiii! Piiii!" Kipanga akashuka, vuuu! Alimkosa Chiku, kifaranga wa kware, kidogo tu. Akaondoka na manyoya ya mkia. Chiku, yule mwenye maneno mengi kuliko darasa zima, akabaki mkia wazi.

Mama yake akaja mbio. "Mwalimu, nakuheshimu sana. Lakini mtoto ninaye huyu mmoja. Kipanga akimgusa mtoto yeyote tena, kila mzazi atamchukua wake, na shule tunaifunga."

Kanga akaenda kutafuta ushauri.

Darasa la jirani alikuwapo Mwalimu Nungunungu, aliyefundisha kuchimba. Akamwambia, "Usijisumbue, mwenzangu. Watoto wa siku hizi vichwa vyao mawe. Wapigie kelele, wataelewa."

Basi Kanga akapiga kelele. "Wote kuliaaa!"

"Wote kuliaaa!"

"Mmeelewaaa?"

"Ndiyoooooo!"

Kivuli kikapita. Shwaaa! Lo! Leo walilia mpaka majani yakatikisika. "PIIII! PIIII!" Bahati nzuri, Nungunungu alikuwa karibu. Akasimamisha miiba yake, na Kipanga akaghairi.

Kanga akakaa chini, anahema. "Mwenzangu, hebu tufikiri. Juzi nilisema, wakalia. Leo nimepiga kelele, wamelia zaidi. Hawa si wakaidi. Kuna kitu wanakifanya kwa bidii, na mimi mwalimu wao sikijui."

"Waulize kama wameelewa."

"Nimewauliza mpaka nimechoka! Hata nikiwauliza kama mimi ni twiga, wataniambia ndiyo. Kesho siulizi. Kesho naangalia. Nawe utanisaidia."

Kesho yake Nungunungu akachomeka jani la mgomba kwenye miiba ya mgongo, akapanda kichuguu, akapita taratibu, jua likiwa nyuma yake, ili kivuli cha jani kiwe kama cha Kipanga. Kanga alikuwa amekaa nyuma kabisa, katikati ya watoto, mdomo kaufunga. Kivuli kikapita. Vifaranga wakasimama wima. "Piiii!"

Kanga akamsogelea Chiku. "Chiku mwanangu, mbona hukimbii?"

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mbona hukimbii?"

"Nikimbie wapi, mwalimu? Si umesema kulia? Basi nalia. Jana ulitaka kwa nguvu, tukalia kwa nguvu."

Kanga akatazama kichaka, kule upande wa kulia. Akamtazama Chiku, machozi yanamtiririka kwa utii. Akacheka, kekekeke! Akacheka hadi akajishika mbavu. Halafu kicheko kikaisha, akauona ule mkia.

"Nisamehe, mwanangu," akasema. "Mkia wako haukuondoka kwa kichwa kigumu. Uliondoka kwa neno langu."

Akalibadilisha neno. "Kivuli kikipita, kimbilieni kichakani!" Jani likapita. Vifaranga mbio, prrrr! Wote kwenye tundu moja. Wakakwama, miguu juu, vichwa chini. Nungunungu akataka kufoka. Kanga akamzuia. Akawauliza watoto, "Kimetukwamisha nini?"

"Mlango ni mdogo, mwalimu," Chiku akajibu kutoka chini. "Na kuna mtu kanikalia."

Wakatoboa matundu mengine, kila kundi na lake. Jani likapita tena. Kanga akaangalia, akarekebisha. Likapita tena. Nungunungu akalalamika mgongo unamuwasha. Kanga akamwambia, "Pita tena, kaka."

Basi Kipanga akaja, Kipanga mwenyewe. Shwaaa! Akakunja mabawa, akashuka, vuuu! Prrrr! Uwanja mtupu. Akatua. Akatazama huku, akatazama kule. Akaingiza mguu kichakani, mwiba ukamchoma, chwa! Kimya. Halafu sauti ndogo ikatoka ndani:

"Mwalimu, sasa tulie?"

"Hapana, mwanangu. Sasa tucheke."

Kichaka kizima kikacheka. Kipanga akaondoka na njaa yake, anachechemea.

Mama Chiku akaleta kumbikumbi, shule nzima ikala. Habari ya kufunga shule hakuitaja tena mtu. Naye Nungunungu alirudi darasani kwake. Hakuuliza mmeelewa. Akawaambia, "Hebu nichimbieni shimo, nione." Akayaona mambo! Anarekebisha mpaka leo.

Basi, walimu na wazazi mlioko hapa, mafunzo ni haya: mtoto akishindwa, usikimbilie kumlaumu. Jiangalie kwanza unavyofundisha. Badilisha, jaribu, angalia tena, na umsikilize mtoto mwenyewe.

Hadithi yangu imeishia hapo, kule kichakani, kwenye vicheko. Mmeelewa?

Ndiyooo!

Ehee! Ndiyo ile ile! Haya, wewe uliyeitikia kwa nguvu kuliko wote, njoo hapa mbele utusimulie.