Paa la Soko la Isukanyi

Mshika muhuri si mwenye mji.

Mmelisikia neno hilo mkutanoni leo, wajukuu zangu, na mnataka kujua limetoka wapi. Methali hii ilianza hapa hapa Isukanyi, nami nilikuwepo.

Soko letu halikuwa na paa, na mvua ya huku mnaijua. Mwenyekiti wa halmashauri, Bwana Lutengano, akatuonea huruma. Akaandikiana mkataba na tajiri mmoja, Mwasomola: tajiri aezeke soko, na halmashauri ikishindwa kumlipa, soko liwe lake. Lutengano akapiga muhuri wa mji. Sisi tukapiga vigelegele.

Paa likaezekwa, halmashauri ikashindwa kulipa. Asubuhi moja tukakuta minyororo langoni. Tukasimama na matenga ya ndizi kichwani, hatujui tungoje au turudi nyumbani. Kesi ikaenda mahakamani, nasi tukaifuata.

Jaji alikuwa mama mmoja mpole. Akamuuliza Lutengano, "Nani alikuruhusu kuweka soko rehani?"

"Mheshimiwa, mimi ndiye mwenyekiti. Muhuri ninao mimi."

"Sheria imekupa kulitunza soko. Kuliweka rehani ni mpaka waziri aridhie, na hakuridhia. Basi mkataba huu haupo."

Mwasomola akaruka. "Haupo vipi, Mheshimiwa? Si huo mkononi mwako?"

"Nilichoshika ni karatasi, Bwana. Mkataba haupo."

Tukatazamana. Jirani yangu Tusekile akaninong'oneza, "Dada, tumeshinda au tumeshindwa?"

"Lakini nilifanya kwa nia njema," Lutengano akasema.

"Naamini. Ila nia njema haikuongezei mamlaka."

Jaji akaamua soko libaki la mji, na tajiri achukue mabati yake, maana naye alidhani anafanya jambo halali.

Basi mafundi wakapanda juu, wakawa wanabandua bati moja moja, na sisi chini tunauza. Mvua ikatukuta hivyo hivyo. Tusekile alicheka huku machozi yanamtoka. Lutengano akaja, akasimama katikati yetu, analowa kama sisi.

"Mama zangu, niliwataka mema," akasema.

Mzee Anyosisye, muuza tumbaku, akamsogezea kigoda. "Tunajua, mwanangu. Lakini soko lilikuwa letu sote. Wewe tulikupa muhuri tu."

Siku ile nilidhani anamdhihaki. Sasa ndipo naelewa alikuwa akimpa pole, kwamba mzigo wa mji haukuwa wake peke yake: mshika muhuri si mwenye mji.