Fisi Aomba Nafasi Mbili

Mwaka ambao hata matope yalikauka, kisima pekee kilichobaki na maji kilikuwa uani kwa Maalimu Kobe, kwenye shule yake ya dini. Ghafla kila mnyama akawa na hamu kubwa mwanawe apate elimu.

Simba hakuwahi kuona shida isiyohitaji waraka. Akautoa: nusu ya nafasi kwa watoto wa waumini, nusu kwa watoto wa wasio waumini, na fomu ya mwongo ifutwe. Sungura akawa karani.

Siku ya mwisho zilibaki nafasi mbili, moja kila upande. Fisi, mwenye mapacha, akajaza fomu mbili. Ya kwanza: "Mimi ni muumini tangu tumboni mwa mama." Ya pili: "Sijawahi kukanyaga nyumba ya ibada, na sina mpango huo." Akagandamiza unyayo kwenye zote.

"Zimekamilika, karani?"

"Kabisa, Bwana Fisi. Hazina hata doa."

Nyuma ya Fisi alisimama Mama Digidigi, na mwanawe aliyepasuka midomo kwa kiu.

"Wewe ni muumini, mama?"

"Nikibanwa, baba, nasali mno. Nikishiba nasahau."

"Hiyo haina kisanduku. Hebu ngoja kidogo."

Sungura akazipeleka fomu za Fisi kwa Simba. "Mtukufu, wazazi hawa wawili wanatoka pango moja, na nahisi kuna mwongo."

"Waitwe!"

Fisi akaja peke yake.

"Wewe ndiye muumini?" Simba akanguruma.

"Ndiye mimi, Mtukufu."

"Mwongo ni nani, basi?"

"Yule mwingine! Asiyesali!"

"Na huyo asiyesali ni nani?"

Fisi akautazama unyayo wake kwenye karatasi. "Ni mimi pia. Lakini yeye anasema mwongo ni yule wa kwanza."

"Wameshtakiana wenyewe," Sungura akasema, akafuta fomu zote mbili. Fisi akaondoka akiwaburura mapacha, akilaani karatasi.

"Mama Digidigi, sasa nafasi zote mbili ziko wazi. Mwanao akae ipi?"

"Yoyote iliyo karibu na kisima."

Akaandikishwa papo hapo. Simba naye, ili waraka wake usionekane na kasoro, akaongeza kisanduku cha tatu: *Muumini akibanwa.* Kabla ya adhuhuri foleni ya nafasi moja iliyobaki ilikuwa imezunguka kilima, na mbele kabisa alisimama Simba mwenyewe, amemshika mwanawe, macho ameyafumba kwa unyenyekevu.