Mstari Mwekundu wa Ghala la Tembo

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba na jiko kama sisi, Tembo alikuwa na ghala kubwa la mtama. Utajiri wake ulikuwa mwingi, uvivu ukauzidi. Akawaajiri sisimizi, akachora mstari mwekundu ukutani, chini kidogo ya dirisha.

"Mtama ukishuka chini ya mstari," akawaambia, "leteni mwingine kutoka shambani mpaka uufikie. Msiniulize lolote. Amueni wenyewe!"

Kazi ikaenda. Tembo akawa anashinda mtoni akijirushia maji, chubwi! chubwi!

Sasa Pimbi alikuwa na watoto wawili wadogo, na chunguni mwake hamkuwa na hata ukoko. Akaenda mtoni, roho mkononi.

"Shikamoo, Mzee Tembo. Naomba kibaba kimoja tu. Wanangu wana njaa."

"Marahaba. Mtama siushughulikii siku hizi. Kawaombe sisimizi."

Akaenda ghalani.

"Hatuna amri ya kutoa," sisimizi wakajibu bila kusimama. "Sisi tunajaza mpaka mstarini."

"Na mtoto wangu akianguka hapa mlangoni kwa njaa?"

"Tutampita pembeni."

Lo! Pimbi akainua macho. Akautazama mstari, akalitazama dirisha. Akakumbuka ada ya kijiji: nafaka ikidondoka nje ya ghala ni ya waokotaji, na mwenye ghala haruhusiwi kuizoa.

Sisimizi walipokwenda shambani, akapanda ukuta, kwaru! kwaru! Akaufuta mstari, akachora mwingine juu kabisa, karibu na paa.

"Ehe, leo mstari uko juu," akasema sisimizi mmoja aliporudi.

"Basi tukalete zaidi," wakasema wenzake.

Wakaleta, wakaleta. Mtama ukafika dirishani. Mwaaa! Ukamwagika nje, nao wakazidi kuleta, hadi shambani yakabaki mabua.

"Waokotaji, njooni!" Pimbi akaita. Digidigi akaja na kikapu, Kanga na ungo, Nungunungu na sufuria.

Tembo akaja mbio, tu! tu! tu!

"Wezi! Rudisheni mtama wangu!"

"Ada ni ada, Mzee," akasema Pimbi, mtoto mmoja mgongoni, mwingine anatafuna. "Umedondoka nje."

Tembo akaushusha mkonga. Akawageukia sisimizi, machozi yakimlengalenga.

"Mbona hamkuniuliza?"

"Ulitukataza. Hebu tupishe, Mzee, bado hatujafika mstarini."

Hadithi yangu naiacha hapo penye mtama, wanangu: ukimpa mwingine kazi yako, nenda ukaiangalie.