Moto wa Kwanza wa Wafinyanzi

Hapo zamani, wala si zamani sana maana vipaza sauti vilikwisha kuwapo, palikuwa na kijiji cha wafinyanzi kiitwacho Isunzu. Wanawake wake walifinyanga vyungu kwa udongo wa bonde moja tu. Na watu wake walikuwa na adabu yao: msemaji akiita, sharti aitikiwe. Kumwacha ajijibu mwenyewe ilikuwa aibu, sawa na kumnyima mgeni maji.

Adabu hiyo nusura iwaponze.

Siku moja kampuni ya vigae ilimtuma Bwana Magesa aje kuomba lile bonde. Maneno matamu humtoa nyoka pangoni, na huyu angemtoa pamoja na mayai yake. Akasimama mkutanoni, akaita, "Tunataka maendeleo, hatutaki?" Watu wakaitikia, "Tunataka!" "Tusonge mbele, tusisonge?" "Tusonge!" "Bonde litutajirishe, lisitutajirishe?" "Litutajirishe!" Mwenyekiti wa kijiji akatabasamu, akasema basi, wananchi wamekubali, zimebaki saini.

Nyanzala, mjane aliyesomesha watoto kwa vyungu, aliisikia sauti yake mwenyewe ndani ya kelele zile, akaogopa. Bonde likienda, atafinyanga nini? Magesa akaita tena, "Nani hapendi watoto wake washibe?" Watu wakavuta pumzi waitikie. Nyanzala akawahi kusimama.

"Bwana, umeuliza, nami najibu. Sote twapenda washibe. Sasa nami nakuuliza: bonde likishachimbwa, watashiba nini?"

Mkutano mzima ukamgeukia. Hapo kijijini msemaji hakuwahi kujibiwa kwa swali. Nyanzala hakuketi.

Magesa akacheka, akalainisha sauti: jamani, sisi sote tutashirikiana kuliendeleza eneo. Hapo akainuka Mhoja, wifi yake Nyanzala, mwanamke asiyepitwa na neno. Akayachambua maneno ya mgeni moja moja, kama achambuaye mchele. Kuliendeleza ndiko kufanya nini? Kuchimba. Hadi wapi? Hadi mwambani. Na wafinyanzi watachota wapi udongo? Magesa akakohoa, akakiri kwamba pangezungushiwa uzio.

"Basi katika hiyo 'sisi' yako," Mhoja akasema, "sisi hatumo."

Watu wakaguna. Lakini mgeni alikuwa fundi. Akaanza kuita upya, kwa sauti tamu kuliko kwanza, na wengi wakaanza kuitikia. Mazoea yana taabu.

Ndipo Kabula, manju wa ngoma, alipokinyakua kipaza sauti. Hakueleza lolote. Aliita tu: "Bonde la nani?" "Letu!" "La nani?" "Letu!" "Tulitoe?" "Hatulitoi!" Vigelegele vikapaa, mikono ikanyooshwa mkutano mzima, mwenyekiti akakosa pa kujificha. Magesa akakunja karatasi zake, akapanda gari, akaenda zake. Bonde likabaki. Watu walicheza hadi vumbi likawafunika, na Nyanzala alilia kwa furaha mbele za watu.

Sasa, huko Isunzu, msimu wa kuchoma vyungu ukifika, moto wa kwanza huwashwa na mtu mmoja aliyekitendea kijiji jema, na vyungu vya msimu ule huitwa kwa jina lake. Heshima hiyo haigawanywi.

Nyanzala akasema, "Nisingesimama, saini zingewekwa pale pale. Nyinyi mlipita mlango nilioufungua mimi."

Mhoja akasema, "Wifi yangu, swali lako aliliruka. Mimi ndiye niliyewaonyesha watu kilichomo ndani ya maneno yake."

Kabula akasema, "Mliwafikirisha, hamkuwanyanyua mikono. Bila mimi mngeshinda hoja mkakosa bonde."

"Wewe uliwaitikisha kama alivyowaitikisha Magesa," Mhoja akamjibu. "Ungetumwa na kampuni, wangekuitikia vilevile."

"Wangeniitikia," Kabula akasema. "Lakini nilikuwa wenu."

Nyanzala aliutamani moto ule kuliko kitu chochote. Hata hivyo hakuweza kubisha, kwa kuwa naye alipiga kelele "Hatulitoi!" kabla hajafikiri.

Vyungu vimekwisha kupangwa, kuni zimekauka, na kijiti cha moto ni kimoja. Enyi wasikilizaji, msiniitikie kwa adabu, nijibuni. Je, nani alistahili kukishika?