Chuma cha Kilimani

Soma taratibu mpaka mwisho, kisha umtumie mtu mmoja anayeishi karibu na mto.

Katika kijiji kimoja chini ya milima ya Upare aliishi msichana wa darasa la saba aliyeitwa Nakiete. Nyumba yao ilikuwa bondeni, ya mwisho kabla ya daraja la magogo. Mto ulikuwa karibu sana, hata mama yake aliweza kusuuza vyombo mtoni huku jicho moja likilinda chungu jikoni.

Mwaka huo Mwalimu Mbonea aliwapa wanafunzi wake kazi ya kuchunguza majanga ya asili. Hakutaka wanakili vitabuni habari za volkano za nchi za mbali. Aliwaambia wakaulize majumbani: hapa kwetu ni kitu gani kimewahi kuua watu, na kikirudi tutafanya nini?

Wanafunzi wakazunguka nyumba kwa nyumba. Wazee wakawasimulia mafuriko ya zamani yaliyokuja mchana wa jua kali, kwa sababu mvua ilikuwa imenyesha milimani peke yake. Wakawaeleza na dalili zake. Maji hugeuka rangi ya udongo ghafla, huleta majani mabichi, na harufu ya tope hutangulia. Ukiona hivyo, waliambiwa, usirudi ndani kutafuta viatu.

Basi wakapanga kulinda mto kwa zamu msimu wa mvua. Wakapata rimu kuukuu ya gurudumu la lori, wakaitundika mtini kando ya daraja. Mlinzi akiona dalili angekipiga chuma hicho, na kila mtu angepanda kilimani, shuleni. Tangazo likatolewa kanisani, likatolewa msikitini, likatolewa hata gulioni.

Siku ya majaribio Nakiete ndiye aliyepewa kazi ya kupiga chuma. Alikipiga kwa nguvu zake zote.

Watu walikuja mbio. Lakini hawakwenda kilimani. Walikuja kwake. Wanaume walishika mapanga, wanawake walibeba ndoo za maji, na mbele yao wote alikuwa jirani yao, Mzee Senzia, akihema na rungu begani.

"Yuko wapi?" aliuliza.

"Nani, babu?"

"Huyo mwizi. Au ni chui?"

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mmoja alisema wanafunzi wamewaita kwenye harusi isiyo na pilau. Mwalimu Mbonea hakucheka. Aliutazama umati uliojaa ukingoni, watoto wadogo wakichezesha miguu majini.

Jioni Nakiete alimuuliza mama yake, ambaye alikuwa na mimba kubwa, kwa nini naye alikuja mtoni wakati tangazo alilisikia.

"Nililisikia," mama alisema. "Lakini yowe likilia, mwanangu, miguu haikumbuki tangazo. Mtu asiyekimbilia sauti ya mwenzake, siku akifiwa nani atamchimbia kaburi?"

Nakiete aliyabeba maneno hayo mpaka darasani.

"Mwalimu," alisema, "hatuwezi kuwafundisha watu wasikimbilie sauti. Tuihamishe sauti."

Wenzake walibisha. Walisema chuma kikipelekwa kilimani, mlinzi atalazimika kukimbia njia yote ya bondeni kabla hajakipiga, na maji hayamsubiri mtu. Walibishana sana. Mwisho wakakubali, kwa kuwa hakuna aliyeusahau ule umati wa ukingoni. Chuma kikapandishwa kilimani.

Nakiete akaongeza sharti moja. Mlinzi asipige kelele njiani, na asisimame nyumba yoyote, hata kwao. Ukisimama kwenu, alisema, kelele zitaanzia kwenu, na watu watakimbilia huko huko bondeni. Wote wakaliafiki. Siku hiyo ilikuwa rahisi kuafiki, maana mto ulikuwa unafika vifundoni na jua lilikuwa linawaka.

Masika yakaingia. Mama yake Nakiete akajifungua mtoto wa kiume, na majirani wakawa wanakuja kumtazama mzazi na kumpikia uji.

Alasiri moja zamu ilikuwa ya Nakiete. Juu ya kijiji mbingu ilikuwa safi, lakini milimani kulikuwa kweusi. Alikuwa amekaa juu ya jiwe alipoona maji yakibadilika mbele ya macho yake, yakawa mekundu. Mgomba mzima ukapita na majani yake mabichi. Kisha harufu ikamfikia.

Akainuka, akakimbia.

Njia ya kilimani ilipita mlangoni kwao. Mama yake alikuwa ameketi kibarazani na kichanga mapajani, wanawake watatu wamemzunguka.

"Nakiete, mbona mbio?" mama aliita. "Njoo umshike mdogo wako nijifunge kanga."

Neno "maji" lilimfika mdomoni. Lilikuwa neno moja tu. Lakini alijua likitoka, wanawake wale watapiga mayowe, na bonde zima litamiminika pale, hatua chache kutoka mtoni. Akajiziba mdomo kwa kiganja, akapita.

Nyuma yake alimsikia mama akiwaambia wageni, "Mnaona? Mtoto amenidharau mbele ya watu."

Alipofika juu alikishika kipande cha nondo na kuanza kupiga. Alipiga huku akilia, akiitazama njia ya bondeni.

Watu wakatoka kama walivyozoea. Mapanga, ndoo, marungu. Walikimbilia sauti. Wale wanawake watatu wakamwinua mzazi, mmoja akambeba kichanga, wakapanda pamoja na wengine. Mzee Senzia alifika akitweta.

"Yuko wapi?"

Nakiete alinyoosha kidole chini. Pale palipokuwa na daraja palikuwa na maji matupu, na nyumba yao ilikuwa inainama.

Hapo ndipo walipoona jambo ambalo kijiji hakitalisahau. Ng'ambo ya mto kulikuwa na kitongoji ambacho wanafunzi walikuwa hawajakifikia. Mtu mmoja mwema wa huko naye aliona maji yakigeuka. Akasimama pale pale ukingoni, akapiga yowe kwa nguvu, ili awaokoe wenzake. Nao wenzake, kwa wema ule ule, wakamkimbilia. Watu wa kilimani walipunga mikono na kanga, wakaita mpaka sauti zikawakauka. Mto ulikuwa unanguruma, na hakuna aliyewasikia.

Siku zote maiti wa ng'ambo walipokuwa wakitafutwa, mama hakumsemesha Nakiete. Walikuwa wamepewa chumba shuleni, na wakapishana humo kama wageni. Siku ya maziko walivushwa ng'ambo pamoja na kijiji chote. Makaburi yalikuwa mengi, yamepangwa bega kwa bega. Walipomaliza kufukia, mama alimsogelea binti yake.

"Siku ile ulinipita mlangoni."

"Nilikupita, mama."

"Ulinisikia nikikuita?"

"Nilikusikia."

Mama aliyatazama yale makaburi. Kisha akamtoa kichanga mgongoni, akamnyooshea Nakiete.

"Mshike mdogo wako," alisema, "nijifunge kanga."

Funzo: Watu hukimbilia inakotoka sauti. Ukitaka kumwokoa mtu, nenda kwanza ukasimame pale unapotaka afike, ndipo umwite.