Jani la Isale kwa Ndeshi

Kaa chini kidogo usome kisa hiki, halafu umtumie mzazi yeyote unayemfahamu.

Katika kijiji kimoja cha Uchagani aliishi Mzee Anaeli, mzee wa kanisa aliyeheshimika sana. Alikuwa na binti mmoja aitwaye Ndeshi. Tangu binti akiwa mdogo, mzee aliota kumwona amevaa gauni jeupe la nesi.

Ndeshi alikwenda mjini na kweli akapata kazi hospitali. Lakini ilikuwa hospitali ya wanyama, katika kituo kinachookota mbwa, paka na punda waliotupwa na wenyewe. Kazi yake ilikuwa kumsaidia daktari. Alimshika mnyama akichomwa sindano, aliosha vidonda vilivyoingia funza, na watoto wa paka waliookotwa jalalani aliwanywesha maziwa kwa bomba la sindano. Aliipenda kazi yake na hakumficha mtu.

Aliyeficha ni baba yake. Watu wakimuuliza, alijibu, "Ndeshi yuko hospitali," kisha akageuza maneno haraka.

Siku moja Mzee Kileo, rafiki yake wa miaka mingi, alifanya sherehe ya kipaimara cha mjukuu wake. Maturubai yalifungwa, pombe ya mbege ikamiminwa, na ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, ikawekwa mezani kila mtu akiitazama. Ndeshi alikuwa likizo, akaenda na baba yake.

Kabla ndafu haijakatwa, Haika, mjukuu mdogo wa Mzee Kileo, akaja analia. Askari, mbwa wa nyumbani, alikuwa amemng'ata mkononi. Kidonda kilikuwa kidogo tu. Bibi yake akakifuta kwa kitenge.

"Askari huyu?" Mzee Kileo akacheka. "Amekua na watoto hawa. Alikuwa anacheza naye tu."

Ndeshi akainuka, akazunguka nyuma ya nyumba. Alimkuta Askari amejikunja ndani ya stoo. Taya limelegea, udenda unaning'inia, na mfupa wenye nyama uko mbele yake hata hajaugusa. Alipobweka, sauti ilitoka kama ya mnyama aliyekabwa. Ndeshi alishawahi kuona mbwa wa namna ile kazini. Akausukuma mlango wa stoo polepole, akaufunga kwa komeo, kisha akarudi mbio.

"Baba Kileo, samahani sana," alisema. "Haika aoshwe mkono sasa hivi, halafu apelekwe hospitali akachomwe sindano. Nahofia mbwa yule ana kichaa."

"Binti, unataka kunivunjia sherehe?" Mzee Kileo akakunja uso. "Na wewe haya umeyajulia wapi?"

"Nafanya kazi hospitali ya wanyama. Mbwa ndio ninaowahudumia kila siku."

Kicheko kikapita katikati ya meza, Mzee Kileo naye akicheka. Mzee mmoja akapaza sauti, "Anaeli! Si ulituambia bintiyo ni nesi?"

Macho yote yakamgeukia Mzee Anaeli. Ndeshi naye akamtazama. Ilikuwa rahisi kwake kusema, "Mwanangu, kaa chini," na sherehe ingeendelea.

Mzee Anaeli aliweka kata yake ya mbege chini, akasimama.

"Nilisema yuko hospitali," alisema. "Sikusema ya nani, kwa sababu niliona aibu. Lakini hapa sisi sote tunatazama ndafu. Anayemtazama mtoto ni yeye peke yake. Kileo, ndugu yangu, ukikasirika nitakuomba radhi kesho. Leo Haika anakwenda hospitali, na nitampeleka mimi."

Bibi yake Haika akawa wa kwanza kuinuka.

Ndeshi alimpeleka Haika bombani. Akauosha ule mkono kwa sabuni ya kufulia na maji yanayotiririka, akaosha na kuosha tena, huku mtoto akilia naye akimbembeleza kwa sauti ileile anayowabembelezea wanyama wake. Kisha mtoto akapakiwa kwenye gari pamoja na bibi yake na Mzee Anaeli. Ndeshi alibaki akilinda mlango wa stoo, asimruhusu mtu kusogea, mpaka wenzake wa kituoni, aliowapigia simu, walipofika na kumchukua mbwa.

Askari alikufa wiki hiyohiyo. Vipimo vikasema kweli kilikuwa kichaa cha mbwa. Haika alimaliza sindano zake zote, na hadi leo anakimbia huko migombani.

Siku chache baada ya majibu kutoka, Mzee Kileo alionekana akipanda kuelekea kwa Mzee Anaeli, ameshika jani la isale. Ni jani la kuombea msamaha kwa Wachagga. Ukiletewa, huwezi kukataa kusamehe. Mzee Anaeli akanyoosha mkono kulipokea. Kileo akampita. Akaenda mpaka aliposimama Ndeshi, akampa yeye, mzee na mvi zake, mbele ya binti.

"Mwanangu, nilikucheka," alisema, "nawe ukaniokolea mjukuu."

Ndeshi alilipokea kwa mikono miwili, machozi yakimtoka.

Mgeni alipoondoka, Mzee Anaeli alitoka nje. Akaenda mpakani mwa kihamba chake, shamba la migomba linalozunguka nyumba, akachuma jani jingine la isale, akarudi nalo.

"Na hili ni langu," alimwambia binti yake.

"Baba, mimi sikuwa na kinyongo na wewe."

"Najua. Ndiyo maana nilipaswa kulileta mapema zaidi."

Jumapili iliyofuata, nje ya kanisa, mgeni mmoja alimuuliza kama ana watoto. Mzee Anaeli akajibu kwa sauti iliyowafikia hata waliokuwa wakishuka ngazi:

"Nina binti. Anatibu wanyama!"

Funzo: Usione haya kwa kazi halali ya mwanao, kwa maana mkono uliozoea kumhurumia mnyama hautamwacha binadamu siku ya hatari.