Kijiji Kilichokataa Jiko Lisilotoa Moshi

Hii imenifikia kutoka kwa mtu aliyetumiwa na mwingine. Naipitisha bila kuongeza chumvi, maana ilikuja imekolea tayari. Kama una kazi ya ofisi, isome ukiwa umekaa.

Zamani, lakini si zamani sana kwa kuwa fomu zilikwishakuwapo, palikuwa na kijiji kiitwacho Lihanja, juu milimani, kwenye baridi ya kukufanya uyaogope maji ya kunawa uso. Nyumba zake hazikukaribiana. Kila moja ilikaa juu ya kilima chake, na kati ya kilima na kilima kulikuwa na bonde. Ukiishiwa chumvi, ulifikiri mara mbili kabla ya kwenda kumwomba jirani.

Afisa maendeleo ya jamii wa eneo hilo aliitwa Ngailo. Mkewe alikwishafariki, watoto walikwishahama, na magoti yalikuwa yamestaafu kabla yake. Katika maisha yake ya kazi aliwahi kuhubiri vyoo bora, kisha miti, kisha soya, kisha ufugaji wa sungura. Kila jambo lilikuja na semina yake, na kila semina ilikuja na kofia yake. Kofia zote alikuwa nazo nyumbani, zimepangwa juu ya kabati, na alipozitazama alijisikia kama mtu aliyezika ndugu wengi.

Safari hii lilikuwa jiko banifu. Jiko lenyewe halikuwa na kosa. Lilitumia vijiti vitatu mahali pa mzigo wa kuni, liliivisha maharage upesi, na moshi halikutoa kabisa. Tena lilitolewa bure. Kaya zote mia moja arobaini na tatu za Lihanja zilipewa, zikashukuru, zikapiga makofi, zikarudi kupikia mafiga.

Mtumiaji alikuwa mmoja tu, Mzee Kilasi, aliyekuwa akiishi peke yake kilima cha mwisho. Picha yake akiwa na jiko ilitiwa kwenye kalenda ya mradi. Kisha Mzee Kilasi akafa. Katika taarifa ya robo mwaka, Ngailo aliandika kwa mkono wake: "Mtumiaji mmoja amepungua."

Kwa kila kaya iliyokataa kulikuwa na fomu ya kujaza. Sababu ya kutotumia: (a) hajui faida, (b) hana uwezo, (c) mila potofu. Semina walihudhuria wote, kwa hiyo (a) haikufaa. Jiko ni la bure, kwa hiyo (b) haikufaa. Ngailo aliweka alama kwenye (c) mara mia moja arobaini na mbili, mpaka kalamu ikachoka kabla yake.

Angeweza kuacha mambo yaende hivyo hadi astaafu. Kilichomkosesha raha ni Bibi Tumwene.

Bibi Tumwene alikuwa mjane wa miaka sabini na kitu, mkali, mwenye jicho moja. La kushoto lilikwisha kuzimika. Mganga wa zahanati alimwambia Ngailo wazi kwamba ni moshi, na kwamba la kulia halitamaliza miaka miwili kama bibi ataendelea kupuliza mafiga kila alfajiri. Ngailo alikwenda kumsihi mara tano. Mara zote alikaribishwa vizuri, akapewa viazi, akasikilizwa mpaka mwisho. Na mara zote, alipochungulia jikoni, alikuta jiko banifu liko pembeni, na ndani yake kuku analalia mayai.

Mara ya sita alipanda kilima jioni, mvua ikamkuta hukohuko, na kijito cha bondeni kikafurika. Bibi akamwambia alale chumba cha mbele, maana serikali ikisombwa na maji atalaumiwa yeye.

Alfajiri Ngailo aliamka kabla ya mwenyeji wake. Akasikia bibi akikohoa usingizini, na akaamua kwamba maneno yametosha. Akamhamishia kuku na mayai yake kwenye kikapu, jambo ambalo kuku hakulipenda. Akawasha jiko banifu kwa vijiti vitatu, akateleka sufuria ya uji. Moto ukashika kimya kimya. Jikoni kukawa safi kama kanisani siku ya kazi. Bibi, ambaye kwa kawaida huamshwa na baridi ya nyumba isiyowashwa moto, akaendelea kulala. Ngailo alikoroga uji akajisikia, baada ya miaka mingi, kwamba huenda leo amefanya kazi.

Jua lilipokwisha kugusa mlima wa mbele kitambo, na kijito kimepungua, akasikia miguu ya watu wengi wakipanda kilima bila kuzungumza.

Walikuwa sita. Mbele alikuwa Mama Enesia, jirani wa kilima kinachotazamana na cha bibi, amejifunga kitenge kiunoni na mkononi ana sanda iliyokunjwa. Nyuma yake wanaume wawili walibeba machela. Mwingine alikuwa na jembe. Walipomwona Ngailo mlangoni na mwiko mkononi, walivua kofia zao.

Mama Enesia aliuliza kwa sauti ya chini, "Ametutoka saa ngapi?"

"Nani?"

"Bwana maendeleo, usitufiche. Bibi."

"Bibi amelala."

"Ndiyo," alisema Mama Enesia kwa upole. "Tunajua amelala. Tunauliza saa ngapi."

Hapo Bibi Tumwene akatokea nyuma ya Ngailo, amejitanda blanketi, akawatazama mmoja mmoja kwa jicho lake, akaishia kwenye jembe.

"Na wewe Lutengano," alimwambia mwenye jembe, "hukuweza hata kusubiri uambiwe?"

"Shikamoo bibi," alisema Lutengano. "Nilidhani niokoe safari ya pili. Kilima chako ni kirefu."

Walicheka, lakini si sana. Mama Enesia alikaa chini kwenye kibaraza, akajifuta uso kwa ncha ya kitenge, na ikaonekana kwamba alikuwa amelia njia nzima. Ngailo aliwagawia uji, kwa kuwa hakujua la kufanya lingine, na kati ya kikombe na kikombe akaelezwa jambo ambalo kila mtoto wa Lihanja alilijua.

Katika vilima vile, watu husalimiana kwa moshi. Alfajiri kila mtu huwasha moto, moshi hupenya kwenye nyasi za paa na kupanda, na jirani wa kilima cha pili akiuona hujua kwamba mwenzake ameamka salama. Naye huwasha wake, na hilo ndilo jibu. Ikiwa jua limegusa mlima wa mbele na paa fulani halijatoa moshi, jirani wa paa lile huacha kila kitu akaenda kubisha. Bibi mwenyewe alianguka akavunjika nyonga mwaka ule wa njaa, na Mama Enesia alimfikia kabla jua halijapanda.

Ngailo aliuliza kuhusu Mzee Kilasi, na mara tu alipouliza alijua kwamba hataki jibu.

Wakamweleza. Mzee alilipenda sana jiko lake. Wiki ya kwanza jirani yake alikwenda kubisha kila asubuhi, akamkuta mzee anakunywa chai. Wiki ya pili wakataniana. Wiki ya tatu jirani akazoea kuona paa lisilo na moshi, akaacha kwenda. Mzee alipougua, hakuna aliyejua. Alikutwa siku ya nne. Jikoni mtungi ulikuwa umeanguka, na ilionekana alijaribu kujikokota hadi mlangoni.

Tangu siku hiyo, hakuna aliyehitaji kuambiwa lolote. Hata waliokuwa wakifikiria kulijaribu jiko waliliacha pembeni.

"Hilo mbona hamkuniambia?" aliuliza Ngailo.

Lutengano alikuna kichwa. Alisema karatasi ya bwana maendeleo ilikuwa na (a), (b) na (c), na wao waliitazama yote, wakaona hawamo.

Ngailo akamgeukia bibi. Alisema kwa sauti iliyochoka kwamba anaelewa sasa, lakini jicho linakwenda. Mganga hakutania.

"Najua linakwenda, mwanangu," alisema Bibi Tumwene. "Mimi ndiye ninayelitumia. Lakini bila jicho nitapapasa, nitafika. Bila Enesia nitafika wapi?"

Kuku alirudi kwenye jiko lake, akalikuta la moto, akatoka akilalamika.

Ni Mama Enesia aliyesema, kana kwamba anazungumzia kufua nguo, kwamba kama shida ni kuonekana tu, basi kile kitenge chekundu cha bibi kinaonekana toka kwake hata siku ya ukungu. Akikitundika uani asubuhi, itatosha. Na yeye atatundika cha kwake kumjibu. Jioni wavianue.

Wote walikubali hapohapo. Ngailo, ambaye amekaa kwenye semina thelathini na moja, aliweka kikombe chini.

"Miaka mitatu nahubiri jiko hili," alisema. "Kitenge kilikuwapo miaka mitatu."

"Kilikuwapo," alisema bibi. "Ila mgeni akija na chakula chake kimepikwa, nani atamwonyesha jiko?"

Asubuhi iliyofuata vitenge viwili vilipepea Lihanja. Wiki hiyo kumi na moja. Kabla ya mavuno, vilima vyote vilikuwa na nguo uani, na moshi wa alfajiri ulibaki kwa mtu mmoja tu aliyekuwa akikausha tumbaku. Kuku wote wa kijiji walitafuta pengine pa kutagia. Jicho la kulia la Bibi Tumwene liliacha kutoa machozi, na mganga aliandika kwamba limetulia.

Ngailo aliandika taarifa ya kweli, kurasa mbili, kuhusu moshi, Mzee Kilasi na vitenge. Alifuta ile sentensi ya mtumiaji mmoja kupungua, akaandika jinsi alivyokufa. Makao makuu yalifurahi sana. Walimpigia simu kumpongeza kwa ugunduzi wa kitenge.

Miezi minne baadaye, kila kijiji cha wilaya kililetewa vitambaa vyekundu, vikiwa na nembo ya mradi na mlingoti wa futi sita, pamoja na semina. Vilipelekwa hadi vijiji vya bondeni, ambako nyumba zimebanana kiasi kwamba jirani akipiga chafya wewe ndiye unayesema pole. Watu wa bondeni walishukuru, wakapiga makofi, wakavifanya mapazia. Ikaletwa fomu mpya ya kueleza kwa nini hawavitundiki. Sababu zilikuwa tatu. Ya tatu ilikuwa mila potofu.

Siku hiyo Ngailo aliomba kustaafu mapema, akakubaliwa kwa haraka iliyomshangaza kidogo.

Nyumba yake ya mjini ilikuwa na majirani ukuta kwa ukuta. Aliketi humo wiki tatu, na katika wiki hizo tatu hakuna aliyebisha. Akafunga mizigo yake, akaomba kiwanja Lihanja, kilima kile cha mwisho kilichobaki wazi, cha Mzee Kilasi. Wakamsaidia kujenga. Kofia zake zote alizigawa kwa waliobeba udongo.

Asubuhi ya kwanza katika nyumba mpya aliamka na homa ya uchovu, akawasha jiko lake banifu, akarudi kitandani. Kitenge alikisahau kwenye sanduku.

Kitambo baada ya jua kugusa mlima wa mbele, mlango ulibishwa kwa nguvu. Alijikokota akafungua. Alikuwa Mama Enesia, anahema, amevuka mabonde mawili. Nyuma yake alisimama Lutengano, na jembe.

"Hujafa?" aliuliza Mama Enesia.

"Bado."

"Basi tundika," alisema, akaingia ndani kumchemshia maji.

Funzo: Watu hawaking'ang'anii cha zamani kwa sababu ni cha zamani, kuna kazi kinayowafanyia ambayo wewe mleta jipya hukuiona. Kabla hujauzima moshi wa mtu, muulize kwanza unamwambia nani nini.